Siku Moja Barabarani Nullarbor: Mwongozo Kamili wa Safari ya Gari na Hema

Sehemu ya barabara kuu ya Eyre Highway kutoka Ceduna, Australia Kusini, hadi Norseman, Australia Magharibi, ni kilomita 1,200 hivi za lami. Inapita ukingoni mwa Nullarbor, uwanda wa chokaa ambao kwa sehemu kubwa hauna mti. Ilijengwa mwaka 1941 na 1942, lakini lami haikukamilika hadi 1976. Wasafiri wengi wa hema huivuka kwa siku tatu au nne.

Mwongozo huu unachukua siku moja ya katikati: kutoka Nullarbor Roadhouse hadi Madura, kilomita 380 hivi, kuelekea magharibi, mwezi Julai. Gari ni 4x4 la dizeli lenye watu wawili, hema la chini na friji ya betri. Siku hii ina mambo mengi ambayo siku nyingine hazina. Unavuka mpaka wa majimbo, unapekuliwa chakula, saa inarudi nyuma, na mahali pa kulala panatafutwa kwenye ardhi ngumu kama saruji. Saa zote humu ni za Kiswahili. Kibao cha Australia kikiandika 8:00 am, hapa ni saa 2:00 asubuhi.

Hesabu jua kabla ya kilomita

Kilomita 380 kwenye barabara ya kasi ya 110 zinaonekana chache. Kinachobana ni mwanga. Julai ni majira ya baridi kule, na mchana una takriban saa kumi tu. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ya mwisho kabla ya kuzama ndizo kangaruu, emu na wombati wanapokuwa barabarani. Usiku ni mbaya zaidi, na kampuni nyingi za kukodisha magari zinakataza kabisa kuendesha usiku nje ya miji. Soma mkataba wako, kwa sababu bima huweza kuanguka hapo.

Hivyo mpango unakuwa huu. Nullarbor Roadhouse jua hutoka karibu saa 1:45 asubuhi. Ondoka saa 2:45. Ukihesabu wastani wa kilomita 85 hadi 90 kwa saa, kuendesha kwenyewe ni saa nne na nusu. Vituo vinakula saa mbili na nusu. Utafika Madura karibu saa 9:10 alasiri kwa saa za kule, na jua linazama karibu saa 11:30 jioni. Akiba hiyo ya saa mbili ndiyo ya pancha, foleni ya ukaguzi au upepo. Usiitumie kulala asubuhi.

Jioni ya kabla: maliza mboga, jaza tangi

Australia Magharibi hairuhusu kuingiza matunda na mboga mbichi, asali, mbegu, karanga na kokwa ambazo hazijakaangwa, mimea, wala udongo. Ukifika mpakani na kilo mbili za nyanya, zitaishia pipani. Waliozoea njia hii hununua Ceduna kiasi cha kutosha hadi mpakani tu, kisha jioni hii hupika kilichobaki.

Rojo ndilo suluhisho. Kata vitunguu viwili, karoti mbili, nyanya nne na pilipili hoho, kaanga kwa vijiko viwili vya mafuta, chumvi na bizari, acha vichemke dakika 20 hadi maji yakauke. Mboga iliyopikwa hupita. Acha ipoe, itie kwenye chombo chenye mfuniko, iweke chini kabisa ya friji. Kesho jioni ni ya kuchanganya na maharage ya kopo, na umeokoa nusu saa ya kupika gizani. Maganda yote yatupe hukohuko. Kagua na chini ya viti, maana chungwa lililoviringika huko mwezi mzima litaonekana na mkaguzi kabla yako.

Mafuta: gari la aina hii linakula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye utulivu. Ukikutana na upepo wa omo, yaani unaokuja usoni, na majira haya pepo za magharibi ni za kawaida, hesabu lita 14 au 15. Kwa siku hii ni kati ya lita 46 na 57. Kutoka Ceduna hadi Norseman hakuna pengo linalozidi kilomita 200 bila mafuta, kwa hiyo huhitaji kubeba madebe juu ya gari. Unachohitaji ni kutopita kituo tangi likiwa chini ya nusu. Vituo vingi hufunga usiku, na bei ni juu sana kuliko mjini. Ndivyo ilivyo, lipa uende.

Maji ni suala zito kuliko mafuta. Hakuna mto Nullarbor, na maji ya vituo ni haba, mengi ya kisima chenye chumvi. Yajaze Ceduna. Lita 10 kwa mtu kwa siku hutosha kunywa, kupika na kunawa kwa uchache. Kwa watu wawili na siku tatu ni lita 60. Yagawe kwenye madumu matatu au manne badala ya tangi moja, ili dumu likipasuka upoteze lita 15 au 20 tu, si zote.

Asubuhi: ukaguzi injini ikiwa baridi

Fanya haya kabla ya kuwasha gari, kwa mpangilio huu, kwa sababu vipimo viwili vya kwanza havina maana injini ikiwa moto:

1. Oili. Gari liwe mahali tambarare. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Kiwango kiwe kati ya alama mbili.
2. Maji ya rejeta. Angalia kwenye chupa ya pembeni bila kufungua mfuniko. Yakipungua kila siku, tafuta uvujaji. Usiendelee kuongeza tu.
3. Tairi nne na za akiba. Pima zikiwa baridi.
4. Chini ya gari: tone jipya la oili, maji au dizeli.
5. Mbele ya rejeta: nyasi na wadudu. Ng'oa kwa mkono au brashi, la sivyo injini itapanda joto mlimani.
6. Mikanda ya mizigo juu ya gari. Kamba iliyobana jana jioni hulegea kwa baridi ya usiku.
7. Gesi. Funga mtungi kwenye valvu yake, si kwenye jiko tu.

Kuhusu tairi, watu wengi hufanya kosa la kupunguza upepo mchana wakiona namba imepanda. Kupanda ni kawaida. Kipimo chenye faida ni tofauti yenyewe: pima baridi asubuhi, tuseme psi 38, kisha pima tena baada ya saa moja ya lami. Ikipanda kwa psi nne hivi, uko sawa. Ikipanda zaidi ya sita, tairi lilianza na upepo mdogo au mzigo ni mkubwa. Ukuta wake unakunjika kila mzunguko, kukunjika kunaleta joto, na joto ndilo linalopasua tairi kwenye kasi ya 110. Dawa ni kuongeza upepo kesho yake asubuhi likiwa baridi, au kupunguza mzigo. Kanuni hii ni ya tairi za kawaida za 4x4. Tairi nene za mizigo huvumilia ongezeko kubwa kidogo.

Vipuri vya kubeba havihitaji kuwa vingi: mkanda wa feni, mpira wa rejeta wa juu na wa chini, chujio la dizeli, fyuzi, lita tano za oili, lita tano za maji ya rejeta, seti ya kuziba pancha na pampu ya umeme ya volti 12. Ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuweka chini ya jeki una thamani kuliko nusu ya vifaa vinavyouzwa kwa wasafiri, kwa sababu mabega ya barabara ni changarawe na jeki huzama.

Nullarbor hadi mpakani, kilomita 187 hivi

Wenye uzoefu wa Kenya, Tanzania na Uganda watakuta upande uleule wa kushoto. Wa Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea kulia, na hatari yao haiko kwenye msongamano. Iko pale unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu na mkono unakupeleka ulikozoea. Abiria aseme "kushoto" kwa sauti kila mnapotoka. Leseni isiyoandikwa kwa Kiingereza iambatane na tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa.

Sehemu hii ndiyo iliyo karibu zaidi na bahari. Njia fupi za kando, zenye vibao, hupeleka kwenye vilele vya Bunda Cliffs, miamba ya kati ya mita 60 na 120 inayoanguka wima baharini. Chagua viwili, tumia dakika 20 kila kimoja. Usisogee ukingoni: mawimbi huchimba chokaa kwa chini, na unachosimamia huenda ni kibao kisicho na nguzo. Kwa nyangumi ulipaswa kusimama Head of Bight, kilomita 20 hivi mashariki ya mahali ulipolala. Nyangumi wa kusini hukaa pale na watoto wao takriban Juni hadi Oktoba. Sehemu hiyo imo kwenye ardhi ya watu wa Yalata, jamii ya wenyeji wa asili, na kutoka nje ya barabara kuu huko kunahitaji kibali.

Jambo la kujifunza vizuri asubuhi hii ni kupita lori. Malori ya njia hii huvuta matela na hufika urefu wa mita 36.5. Hesabu inatisha kidogo. Lori liko kwenye 100, wewe 110, tofauti ni kilomita 10 kwa saa, yaani mita 2.8 kwa sekunde. Ukijumlisha urefu wa lori, urefu wako, na nafasi ya mita 50 nyuma na mbele, una mita 140 za kufidia: sekunde 50, na wakati huo umeshakwenda kilomita moja na nusu upande usio wako. Anayekuja mbele kwa 110 naye amekula kilomita moja na nusu. Unahitaji kuona kilomita tatu tupu, na kwenye mawimbi ya joto macho hudanganya umbali. Lori likiwa kwenye 90 muda unashuka hadi sekunde 25 hivi, jambo jepesi zaidi. Likiwa kwenye 100, kaa nyuma unywe chai. Hutapoteza chochote.

Redio ya UHF, ya kuongea gari kwa gari, husaidia. Madereva wa malori hutumia chaneli 40, wasafiri wa karavani chaneli 18. 5 na 35 ni za dharura tu. Mwambie dereva kwamba unataka kupita, naye anaona mbele kuliko wewe. Lori linalokuja upande wa pili husukuma ukuta wa hewa, kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili na usikanyage bega la barabara.

Mizoga ya kangaruu huvuta tai wakubwa. Tai aliyeshiba huruka taratibu, na huruka akielekea upepo, hata kama upepo unatoka kwako. Punguza hadi 60 ukimwona. Mnyama akiruka mbele, breki moja kwa moja na ukae kwenye mstari wako. Gari lenye mzigo juu likikatiza ghafla kwa kasi hupinduka, na kupinduka huua watu wengi kuliko kangaruu.

Sehemu chache barabara inapanuka na kuchorwa mistari mipana kama ya uwanja wa ndege. Ni viwanja vya dharura vya madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor Service. Usiegeshe hapo.

Mpakani: Border Village

Utafika karibu saa 5:45 za Australia Kusini. Kituo cha ukaguzi kiko wazi saa 24 na kila gari la kuelekea magharibi husimama. Shuka, fungua friji, kabati na buti la nyuma mwenyewe, na utaje ulicho nacho kabla ya kuulizwa. Ukisahau ndizi na kuitoa, inachukuliwa basi. Ukiificha, ni faini. Sepetu na viatu vyenye udongo visafishe kabla. Hesabu dakika 20, zaidi wakati wa likizo za shule. Upande wa pili, wanaoelekea mashariki hukaguliwa Ceduna, na sheria zake ni tofauti na hizi. Usidhani ulichoruhusiwa huku kitaruhusiwa kule.

Hapa rudisha saa yako ya mkononi nyuma dakika 45. Ukanda kati ya Border Village na Caiguna una saa yake isiyo rasmi: saa nane na dakika 45 mbele ya Greenwich, katikati ya saa za Adelaide na Perth. Wakati wa kiangazi, Australia Kusini inaposogeza saa mbele, tofauti ni saa moja na dakika 45. Simu haikusaidii, itang'ang'ania Adelaide au kurukia Perth. Kwenye mipangilio yake chagua mwenyewe ukanda unaoitwa Eucla.

Eucla na chakula cha mchana

Ni kilomita 12 tu. Jaza dizeli. Kilomita chache kusini, kwa njia ya changarawe na mchanga, kuna magofu ya kituo cha simu ya waya kilichofunguliwa 1877, yanayomezwa na vilima vya mchanga. Ukitaka kwenda kwa gari, shusha upepo hadi psi 26 au 28, na uende pole. Ukirudi kwenye lami pandisha kabla ya kuongeza kasi. Kwa saa moja na robo unapata magofu na mkate wenye jibini na nyama ya kopo. Usiwashe jiko mchana. Unapoteza nusu saa, na siku za marufuku ya moto hata jiko la gesi la nje huweza kukatazwa. Mwezi Julai hilo ni nadra. Desemba ni jambo la kawaida. Desemba 2019 kituo cha hali ya hewa cha Nullarbor kilipima nyuzi 49.9.

Ondoka saa 6:50 mchana kwa saa mpya.

Bonde la Roe hadi Madura

Magharibi ya Eucla barabara inashuka kwenye uwanda wa chini wa Roe. Tumia gia ndogo, acha breki zipumzike. Baada ya kilomita 66 ni Mundrabilla: shuka, tembea robo saa. Kisha kilomita 116 hadi Madura, na hapa ndipo watu husinzia. Wamekula, barabara imenyooka, na jua la magharibi linaingia moja kwa moja kwenye kioo. Badilishaneni usukani Mundrabilla hata kama dereva anasema yuko sawa. Futa kioo cha mbele kwa ndani pia, kwa kuwa ukungu wa vumbi hauonekani mpaka jua lishuke. Ukianza kupiga miayo mfululizo, simama, lala dakika 20. Muziki na dirisha wazi havimwamshi mtu.

Gari likiharibika, lisogeze mbali na lami, washa taa za tahadhari, na ubaki nalo. Gari huonekana kutoka angani na lina kivuli na maji. Mtu anayetembea hana chochote. Mtandao wa simu upo karibu na vituo, katikati hakuna. Namba ya dharura ni 000. Kifaa cha kuita uokoaji kwa setilaiti cha masafa 406 MHz husajiliwa bure na AMSA, mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia.

Kambi

Chagua kati ya kiwanja cha kulipia cha Madura, chenye bafu, na mapumziko ya barabarani yenye kibao cha saa 24, kama Moodini Bluff iliyo mashariki ya Madura. Kibao kisichotaja saa 24 kisikupe tamaa. Ukichagua mapumziko, ingia ndani kadiri inavyoruhusiwa, maana lori linalosimama usiku huacha injini ya friji yake ikinguruma. Usipige hema chini ya mkalitusi, mti unaoangusha matawi makubwa bila upepo. Na usijifungulie njia mpya porini: chokaa ya Nullarbor ina mapango na mashimo ya kuporomoka.

Mambo (vigingi) za hema zilizokuja na hema zitapinda. Nunua za chuma cha milimita 8, urefu wa sentimita 30, na nyundo ya kilo moja. Zikigoma kabisa, funga kamba kwenye jiwe au gurudumu. Mlango uelekee upande usio na upepo, gari liwe ngao.

Mpangilio wa jioni: hema kwanza, matandiko pili, chakula tatu, yote kabla ya saa 11:00. Chakula cha wawili ni gramu 200 za mchele na mililita 430 za maji, dakika 12 kwa moto mdogo na 10 umefunikwa. Rojo la jana lichemke na kopo la gramu 400 la maharage. Nyuzi zinaweza kushuka chini ya sifuri usiku, na gesi ya vikopo vidogo vya butani hudhoofika kwenye baridi hiyo. Kwa hiyo mtungi wa propani wa kilo 4 ni bora kwa safari ndefu. Jiko lisiingie ndani ya hema kwa hali yoyote: hewa ya sumu isiyo na harufu huua usingizini.

Friji ya lita 40 hadi 50 hutumia Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme wa betri) 30 hadi 50 kwa siku. Betri ya pili ya lithiamu ya Ah 100, inayochajiwa na injini ukiendesha, hukupa usiku huu na kesho yake yote. Sola ya wati 160 au 200 ni ya siku usizotembea.

Choo: pale pasipo na choo chimba sentimita 15 hadi 20, mita 100 kutoka kambini, na karatasi uondoke nazo. Kwenye mwamba huwezi kuchimba, ndiyo maana wenye safari ndefu hubeba choo cha ndoo. Viatu viingie ndani ya hema, au vikung'utwe asubuhi. Nyoka hupungua baridi, lakini bandeji mbili za mpira za upana wa sentimita 10 au 15 zikae mahali pa kufikika. Aliyeumwa asitembee, jeraha lisioshwe wala kukatwa. Funga kwa kubana kiungo chote, kiegemeze kwa kijiti, na piga 000.

Kabla ya kulala angalia geji ya dizeli. Asubuhi unapanda Madura Pass, kisha kilomita 92 hadi Cocklebiddy, 65 hadi Caiguna, ambako saa inarudi tena dakika 45, na kutoka hapo kilomita 182 hadi Balladonia, 146.6 zikiwa bila kona moja. Jaza Caiguna.